Usichague chama, chagua kambi: itikadi nne zinazogombania sera ya nje ya Marekani

Shemeji yangu yuko Ohio. Ni Mrundi, alikulia kambini huku kwetu Kigoma, akaondoka na ule mpango wa kuwahamishia Marekani wakimbizi wa 1972 ulioanza 2007, na kiapo cha uraia kala mwaka juzi tu kwa uvivu wake mwenyewe wa kujaza fomu. Tangu ale kiapo kila akipiga simu swali ni lile lile, kwenye mambo ya nje kura nimpe nani, Republican au Democratic? Nikamwambia shemeji, ukiuliza hivyo utapotea, hizo ni jezi tu, na ndani ya jezi moja kuna watu hawapikiki chungu kimoja. Oktoba 2002 seneti ilipiga kura kumruhusu Bush mtoto aende Iraq, 77 kwa 23, na kwenye hao 77 yumo Joe Biden, yumo Hillary Clinton, yumo John Kerry, wote Democratic. Na aliyeandika gazetini miezi miwili kabla kwamba kumvamia Saddam kutavuruga vita dhidi ya ugaidi ni Brent Scowcroft, Republican, aliyekuwa mshauri wa usalama wa Bush baba. Sasa hapo jezi imekusaidia nini?

Kwa hiyo nimempangia kambi, sio vyama. Ziko nne kubwa, na ya tano ndogo ntaifikia.

Kuna watu wa maslahi, vitabuni wanaitwa wahalisia. Kwao dunia haina hakimu wala polisi, kila nchi inajilinda, kwa hiyo usihangaike na mwenzako anavyotawala kwake, angalia ana nguvu kiasi gani na anaegemea wapi. Mkono mtupu haulambwi, ndo dini yao. Henry Kissinger ndo sura yao. Kuna waliberali wa kimataifa, wanaotokea kwa Woodrow Wilson, rais wao wa wakati wa vita ya kwanza ya dunia, hawa wanaamini sheria, mikataba, Umoja wa Mataifa, biashara na haki za binadamu vinailinda Marekani kuliko manowari, ingawa manowari hawajaziuza. Kuna wahafidhina mamboleo, hawa nao wanataka demokrasia ienee kama waliberali, ila hawana subira ya vikao vya Umoja wa Mataifa kule New York, wakiona umechelewa wanakuletea kwa ndege. Na kuna Marekani Kwanza, ambao hawataki kumfundisha mtu demokrasia wala kumlipia bili, wanataka kila mkutano waondoke na kitu mkononi.

Ukiwasikiliza kwenye hotuba wote wanapendeza. Kwa hiyo usisikilize hotuba, waweke kwenye kesi moja uone. Na kesi nzuri kuliko zote iko jirani kwetu, Rhodesia (Zimbabwe ya leo) na makaburu wa Afrika Kusini, maana pale kuanzia 1969 mpaka 1986 kambi zilipokezana kijiti eneo lile lile, na Mwalimu Nyerere akawa anawapokea na kuwasindikiza wote.

1969 Kissinger akiwa mshauri wa Nixon aliagiza tathmini ya kusini mwa Afrika, na njia waliyoishika ilikuwa hii: wazungu wapo na hawaondoki, tuwalegezee, mabadiliko yatapitia kwao. 1971 Bunge lao likapitisha sheria ya kununua kromi ya Rhodesia wakati Umoja wa Mataifa umeshaweka vikwazo. Hesabu safi kabisa, sema hakuna mtu wa Dar wala Lusaka aliyeulizwa. Alafu Aprili 1974 wanajeshi wa Ureno wakapindua serikali Lisbon, mwaka uliofuata Msumbiji na Angola zikawa huru, Wacuba wakamiminika Angola kwa maelfu, na karatasi yote ya 1969 ikawa ya kufungia karanga. Hapo ndo Kissinger akakumbuka kumbe kuna Afrika. Aprili 1976 huyo, katua Dar kuonana na Mwalimu, akaenda Lusaka kutangaza kwamba Marekani inaunga mkono utawala wa walio wengi Rhodesia, na Septemba akarudi tena. Miaka saba mkubwa yuko madarakani! Na mimi simlaumu sana kwa kugeuka, mtu wa maslahi hesabu ikibadilika na yeye anabadilika bila aibu, huo ndo uzuri wake. Ubaya wake ni kwamba hakuoni mpaka uwe tatizo.

Akaingia Carter Januari 1977, muliberali wa haki za binadamu. Machi tu ile sheria ya kromi imeshafutwa. Umoja wa Mataifa akampeleka Andrew Young, mtu aliyeandamana na Martin Luther King, na Agosti Nyerere yuko White House anaongea na rais kama mtu anayetakiwa ushauri. 1979 Ian Smith, mkuu wa serikali ya wazungu wa Rhodesia, na wenzake wakatengeneza serikali ya Askofu Muzorewa ili waondolewe vikwazo, kelele zikawa nyingi kule seneti kwamba yatosha sasa, Carter akagoma, na Aprili 1980 Zimbabwe ikapata uhuru wake. Ukiisoma hivyo unasema basi, nimepata kambi yangu. Subiri. Mei 1978 waasi walipoingia Kolwezi, mji wa madini wa Zaire (Kongo ya leo), ndege za jeshi la Marekani za huyo huyo Carter zilisaidia kusafirisha mizigo ya Wafaransa na Wabelgiji waliokwenda kule, na Mobutu akaendelea kukaa kwenye kiti. Haki za binadamu zilifika Salisbury (Harare ya leo), Kinshasa hazikupata viza.

Reagan sasa. Balozi wake Umoja wa Mataifa alikuwa Jeane Kirkpatrick, mmoja wa akina mama na akina baba waliohama mrengo wa kushoto wakaja kuwa wahafidhina mamboleo, na hoja yake ya 1979 ilikuwa kwamba dikteta rafiki anaweza kulainika siku moja, dikteta mkomunisti halainiki, kwa hiyo usimsumbue rafiki yako. Kwa makaburu ikatafsirika kuwa tuongee nao taratibu, tusiwawekee vikwazo. Januari 1986 Jonas Savimbi, kiongozi wa waasi wa Angola aliyekuwa akisaidiwa na Pretoria, akapokelewa White House kama shujaa wa uhuru. Septemba mwaka huo Bunge likapitisha vikwazo dhidi ya Afrika Kusini, Reagan akatia veto, na tarehe 2 Oktoba seneti ikaipindua veto yake kwa kura 78 kwa 21, na shemeji hapa fungua macho, seneti ilikuwa mikononi mwa Republican wenyewe, na 31 kati ya waliompinga rais wao walikuwa jezi moja naye. Mandela na ANC yake walikuja kutolewa kwenye orodha ya ugaidi ya Marekani 2008. Elfu mbili na nane! Mzee anakaribia miaka 90.

Kwa hiyo kwenye kesi ya kwanza waliberali wanaongoza, ila sio kwa mbali kama wanavyojisifia.

Kesi ya pili ni usiku mmoja. Tarehe 28 Januari 2003, Bush mtoto anahutubia Bunge. Ndani ya hotuba hiyo hiyo moja anasema dawa za UKIMWI zimeshuka kutoka dola 12,000 kwa mwaka hadi chini ya dola 300, na kwamba anaomba dola bilioni 15 kwa miaka mitano kuzipeleka Afrika na Karibiani. Hiyo ndo PEPFAR, na Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwemo kwenye nchi za mwanzo. Kila mtu wa umri wangu anakumbuka misiba ilivyokuwa kabla ya hapo, ilikuwa Jumamosi hazitoshi, na anakumbuka ilivyoanza kupungua. Alafu kwenye hotuba hiyo hiyo, mbele kidogo, anasema Waingereza wamegundua Saddam alikuwa anatafuta urani Afrika. Miezi sita baadae White House yenyewe ikakiri yale maneno hayakutakiwa kuwepo mle, nyaraka zilizodai urani hiyo ilitafutwa Niger zilikuwa za kughushi, lakini Iraq ilikuwa imeshavamiwa tangu Machi na silaha za maangamizi hazikuonekana mpaka leo. Afrika ilitajwa mara mbili usiku ule, mara moja kama mgonjwa na mara moja kama kisingizio.

Watu wanapenda kuwapa wahafidhina mamboleo sifa ya PEPFAR pia, mimi siwapi. Serikali ile ilikuwa na walokole ndani yake, na presha ya UKIMWI ilitoka makanisani na kwa wanaharakati, sio kwa akina Paul Wolfowitz, naibu waziri wa ulinzi na kinara wa kambi hiyo. Cha kwao kabisa ni Iraq, na kilichowaponza sio kupindua, kupindua ilichukua wiki tatu. Ni kesho yake. Mei 23, 2003 Paul Bremer, mtawala waliyempeleka Baghdad, alisaini amri ya kuvunja jeshi lote la Iraq, yaani mamia ya maelfu ya wanaume wenye mafunzo wakaambiwa nendeni nyumbani, na baadhi ya maofisa wao tukaja kuwasikia tena miaka kumi baadae ndani ya ISIS. Kambi inayoamini kila mtu duniani anataka uhuru haikuona haja ya kuuliza mtu wa Baghdad atakula nini Jumatatu.

Ila waliberali wasicheke, na wao wana Libya. Machi 2011 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 1973 la kulinda raia, karatasi zote halali, Obama akaingia, Oktoba Gaddafi kafa, na baada ya hapo nchi ikawa na serikali mbili na bunduki zake zikasambaa Sahel. Obama mwenyewe baadae alisema kutokujipanga kwa ajili ya baada ya Gaddafi ndo kosa lake kubwa. Kosa ni la Bremer lile lile, tofauti lina muhuri wa Umoja wa Mataifa.

Na wana Rwanda. Hii siipitishi haraka maana sisi wa huku tuliiona. Desemba 1992 Bush baba, mtu wa maslahi kabisa, alipeleka askari Somalia kulinda chakula cha wenye njaa, kitu ambacho kwa hesabu za kambi yake hakikuwa na faida yoyote. Clinton akarithi, Oktoba 1993 wakauawa askari 18 Mogadishu kwenye mapigano ya usiku mmoja, maiti ikaburuzwa mtaani mbele ya kamera, akaondoa wote ifikapo Machi 1994. Aprili ikaanza Rwanda. Serikali ya waliberali, watu wa haki za binadamu, ikaunga mkono kupunguza askari wa Umoja wa Mataifa Kigali mpaka 270, na wasemaji wao wakawa wanazungukazunguka neno mauaji ya kimbari kama mtu anayeruka dimbwi na viatu vipya, kwa sababu wakilitamka inabidi wafanye kitu. Mwisho wa Aprili watu kama laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24. Maiti zilishuka na mto Kagera mpaka ziwani, watu wakaacha kula samaki. Clinton alikuja kuomba msamaha Kigali Machi 1998, na hakutoka uwanja wa ndege.

Kwa hiyo ukinambia waliberali wana moyo nakubali, nakuuliza moyo huo una bima ya askari wangapi. Kumi na nane ulikatika.

Tuje kwa hawa wa sasa. Huku Kasulu ukienda sokoni utaona muuza maharage anapimia kopo la bati la mafuta ya kula, limechakaa lakini alama bado inasomeka, mikono miwili inashikana, na maandishi kwamba ni zawadi kutoka kwa watu wa Marekani. Ni makopo ya mgao wa kambi ya Nyarugusu, mafuta yalishaliwa zamani, kopo linazunguka. Mimi naamini kopo lile limeitangaza Marekani huku kuliko balozi yeyote. Tarehe 20 Januari 2025 Trump akasimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ipitiwe upya, Machi waziri wake Marco Rubio akasema asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika lao la misaada, imefutwa, na Julai 1 shirika lenyewe likafungwa, mabaki yakahamia wizara ya mambo ya nje. Vituo vya ARV vilitikisika kila kona. Mtu wa Marekani Kwanza anakujibu kirahisi tu, kwa nini mlipa kodi wa Ohio alipie dawa ya mtu wa Kigoma wakati serikali yake ipo? Na shemeji usinune, hilo swali sio la kipumbavu, hata sisi wenyewe kwenye vijiwe tumeshajiuliza inakuwaje miaka zaidi ya 20 dawa za watu wetu zinategemea bajeti inayopigiwa kura Washington. Shida ni namna. Hata mwenye nyumba akikufukuza anakupa notisi.

Alafu watu wanadhani Marekani Kwanza maana yake hawapigani. Jina lenyewe lilianza hivyo kweli, 1940 kulikuwa na kamati ya jina hilo iliyopinga kuingia vita ya Hitler, msemaji wao maarufu yule rubani Charles Lindbergh, ikajivunja siku chache tu baada ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor, Desemba 1941. Hawa wa leo sio wale. Juni 22, 2025 ndege za B-2 zilipiga vituo vya nyuklia vya Iran, na siku tano baadae mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda wakasaini makubaliano ya amani Washington, Goma ikiwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu Januari, na madini ya Kongo yakiwa sehemu ya mazungumzo. Kwa hiyo wanapiga, wanapatanisha pia, sema wanataka risiti. Ntakubali kitu kimoja, waliberali walikaa na mgogoro wa Kivu miaka mingi kwa taarifa za kusikitishwa na kulaani, huyu alau aliwaweka mezani. Kama risasi zinanyamaza Kivu Kusini hilo muulize ndugu yako wa Uvira, mimi siongezi neno.

Na kwenye mlango wa kuingilia nchi ndo kambi hii inamgusa shemeji moja kwa moja. Juni 2025 Burundi iliwekwa kwenye nchi zenye zuio la sehemu la viza, Somalia na Sudan zuio kamili. Idadi ya wakimbizi kwa mwaka wa bajeti 2026 imewekwa 7,500, na nafasi nyingi zimetengewa Waafrikaner wa Afrika Kusini. Ndio, wale wale wa kesi ya kwanza. Shemeji aliingia na mpango ulioanza chini ya Bush wa Iraq, na mdogo wake aliyebaki Bujumbura leo hapati hata viza ya kutembea. Ukiiweka pembeni ya itikadi inachanganya kweli, kambi iliyovunja Baghdad ilimfungulia Mrundi mlango, na kambi inayosema imechoka na vita imeufunga.

Ile ya tano niliyosema ni watu wa breki, hawa wanataka Marekani ipunguze tu kupigana, wako mrengo wa kushoto na seneta Bernie Sanders, na wako mrengo wa kulia na seneta Rand Paul, wana hadi taasisi ya utafiti iliyoanzishwa 2019 kwa hela za George Soros, tajiri wa kushoto, na Charles Koch, tajiri wa kulia, kwa pamoja, kitu ambacho mtu wa siasa za kule akisikia anacheka mwenyewe. Shujaa wao ni Barbara Lee wa California, Septemba 14, 2001, siku tatu baada ya minara kuanguka, Bunge linampa rais ruhusa ya kuwafuata waliohusika, kura 420 kwa 1. Yule mmoja ni yeye. Alisema ruhusa ile iko wazi mno, akatukanwa, akatishiwa kuuawa, akapewa ulinzi. Ruhusa hiyo hiyo ndo iliyokuja kutumika hadi kupiga al-Shabaab Somalia, watu ambao 2001 hata kundi lao halijazaliwa. Udhaifu wa watu wa breki ni kwamba breki haikupeleki popote, ukiwauliza Rwanda ya 1994 wangefanya nini wanaanza kukohoa.

Sasa achague nini. Mimi nimemwambia hivi, kwa kusoma habari tumia jicho la watu wa maslahi, hata kama huwapendi, ukiona Marekani ghafla inaipenda nchi tafuta kwanza nani mwingine ameingia pale, kama Wacuba wa Angola, mara nyingi hutokosa. Wahafidhina mamboleo waweke chini kabisa, hilo silipigii hata hesabu mara mbili. Kwa kura, kama una watu huku nyuma wanaotegemea dawa na makaratasi, muliberali ana faida, lakini sio muliberali yeyote, mtafute yule ambaye ukimwuliza kuhusu Libya hajitetei. Na kama kinachokukosesha usingizi ni mtoto, tafuta mtu wa breki bila kujali jezi. Shemeji ana kijana wa miaka 17, na kule mwanaume akitimiza 18 jina lake linatakiwa liwemo kwenye daftari la wanaoweza kuitwa jeshini, ingawa hakuna aliyeitwa kwa lazima tangu 1973. Majina yapo lakini. Kura za kila mbunge ziko wazi mtandaoni, usimwulize anaamini nini, angalia alipiga nini siku ya kuruhusu vita, siku ya PEPFAR na siku ya wakimbizi.

Amefanya hivyo. Juzi kanitumia majina mawili ya wagombea wa jimbo lake. Mmoja kila kura ya vita amekataa na kila kura ya misaada amekataa. Mwingine zote mbili amekubali. Anauliza sasa hapo vipi, nami nimeisikiliza hiyo voisi mara mbili sijamjibu bado, kijana anatimiza 18 mwezi wa tatu.